Maisha ya Bwana F. M. Alexander, Aliyepotewa na Sauti Yake

Wale wenu mliokuwapo ukumbini usiku wa mwisho wa muhula uliopita mnayajua yaliyonipata, na wale msiokuwapo nadhani mmekwisha simuliwa. Tulicheza Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili ukapigwa chapa mwaka 1969. Mimi nilikuwa Shailoki. Mpaka katikati mambo yalikwenda vizuri, nami nilikuwa nikijisifu moyoni. Tulipofika penye hukumu, kisu mkononi, sauti ilinipwea. Nilifungua kinywa ukatoka upepo mtupu. Wadogo zetu wa kidato cha kwanza walidhani Shailoki amekabwa na hasira, wakapiga makofi. Lakini yule aliyecheza Antonio, aliyekuwa amekwisha fungua kifua tayari kwa kukatwa ratili yake ya nyama, ilimbidi angoje hivyo hivyo mpaka niletewe maji.

Haikuwa mara ya kwanza. Hata katika mazoezi, kila nilipokaza sauti ifike viti vya nyuma, baada ya nusu saa koo lilikuwa kama limepakwa mchanga. Muuguzi wa zahanati alinitazama kooni, akasema hamna kidonda, akaniamuru ninyamaze wiki moja. Nikanyamaza, sauti ikarudi. Nilipoanza tena mazoezi, ikaondoka tena. Sasa, baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na yeye pia sauti humpwea kila wiki. Ikifika Ijumaa hufundisha kwa chaki na ubao tu. Husema kwamba hili ni koo la ukoo, tumezaliwa nalo, kwa hiyo afadhali niache mawazo ya kwenda Makerere kujifunza uigizaji, nishike kazi isiyohitaji kusema. Maneno hayo yaliniuma kuliko aibu ya ukumbini, maana yalielekea kuwa kweli.

Katika zile siku za kunyamaza nilikuwa nikishinda maktabani, mahali ambapo hakuna anayemlazimisha mtu kujibu. Huko nilikuta kitabu chenye jalada lililofifia, kilicholetwa zamani na mmoja wa wazee waliosoma hapa. Kinaitwa The Use of the Self, nacho kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1932. Sura yake ya kwanza ni habari za mtu aliyepotewa na sauti jukwaani. Nilianza kuisoma nimesimama, kisha nikavuta kiti. Baadaye nilitafuta habari za mtu huyo katika vitabu vingine, na hizi ndizo nilizozipata.

Frederick Matthias Alexander alizaliwa tarehe 20 Januari 1869, karibu na Wynyard, pwani ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Tasmania, kusini ya Australia. Babu yake hakwenda kule kwa hiari. Mwaka 1830 vibarua wa mashamba wa kusini ya Uingereza, wakiwa na njaa, walivunja mashine za kupura nafaka zilizowanyang'anya kazi ya majira ya baridi. Wengi walikamatwa, wakapakiwa melini wakapelekwa Tasmania kuwa wafungwa, na babu huyo alikuwa mmoja wao. Mjukuu alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, akawa mtoto wa magonjwa, hasa ya kifua. Shuleni alikuwa msumbufu, mwenye maswali mengi, hata mwalimu wake, Mskoti aitwaye Robert Robertson, akaona heri asije mchana pamoja na wenzake, akawa anamfundisha jioni peke yake. Mwalimu huyo alimpenda sana Shakespeare, akamwambukiza kijana.

Alipokuwa na miaka kama 17 alikwenda Waratah, penye machimbo ya bati ya Mount Bischoff, akawa karani. Kazi hakuipenda. Jioni alijifundisha kupiga fidla na kuigiza pamoja na wenzake. Baada ya miaka mitatu hivi alikuwa ameweka akiba ya kutosha, akavuka bahari kwenda Melbourne, na huko akaitumia akiba yote kwa muda mfupi, kila siku akienda kutazama michezo, kusikiliza muziki na kuangalia picha zilizochorwa. (Wazazi wanaolisoma gazeti letu wasikasirike, nasimulia tu.) Fedha zilipokwisha alishika tena ukarani mchana, na usiku akajifunza kughani.

Yafaa nieleze kazi hiyo ilikuwaje, kwa sababu siku hizi haipo sana. Wakati ule hapakuwa na redio wala kipaza sauti. Watu walilipa kiingilio kumwona mtu mmoja amesimama peke yake jukwaani, akitoa kwa moyo sehemu za michezo ya Shakespeare, mashairi marefu na vichekesho, jioni nzima, na kila neno lazima limfikie mtu aliyekaa mlangoni. Alexander aliipenda kazi hiyo, watu wakampenda. Ndipo sauti yake ilipoanza kumpwea. Rafiki zake nao wakamwambia kwamba wanamsikia akivuta pumzi kwa kelele, jambo ambalo mghani hulichukia kuliko kusahau maneno.

Alikwenda kwa waganga na kwa walimu wa sauti. Walimpa dawa za kusukutua na mazoezi, visisaidie. Mwisho, alipokuwa ameahidiwa kazi kubwa, daktari alimshauri apumzishe sauti yake kwa muda wa wiki mbili, aseme kidogo iwezekanavyo. Akafanya hivyo, na alipopanda jukwaani sauti ilikuwa safi kabisa. Kufika katikati ya kazi, ikakauka. Kufika mwisho, hakuweza kusema sawasawa. Niliposoma hapo nilikumbuka kisu changu na upepo wangu.

Kesho yake alirudi kwa daktari, na hapa ndipo tofauti yake na mimi ilipo. Mimi nilikuwa nimeuliza dawa gani itanifaa. Yeye aliuliza jambo jingine: ikiwa alipanda jukwaani mzima, akashuka mgonjwa, je, si dhahiri kwamba kuna jambo alilolifanya mwenyewe pale juu, wakati wa kuitumia sauti, ndilo lililoleta taabu? Daktari alikubali kwamba lazima iwe hivyo. Akamwuliza ni jambo gani. Daktari akakiri kwamba hajui. Basi Alexander akashika njia kwenda nyumbani, akiwa ameazimia kulitafuta mwenyewe.

Chombo chake cha kwanza kilikuwa kioo. Alisimama mbele yake akasema maneno ya kila siku, hakuona kitu. Kisha akaghani. Hapo akaona mambo matatu: kichwa kilivutwa nyuma, koromeo likakandamizwa chini, na pumzi akaivuta kwa kinywa, kwa mlio kama wa mtu aliyeibuka majini. Akarudia tena na tena, ikawa vile vile, na penye maneno mazito yanayotaka nguvu ndipo yalipozidi. Akarudi kutazama maneno ya kila siku kwa makini zaidi, akagundua kwamba hata humo mambo yale matatu yamo, ila madogo mno. Kwa hiyo jukwaa halikumletea ugonjwa mpya. Lilikuza tu alichokuwa akikifanya mchana kutwa.

Lipi kati ya matatu lilikuwa mzizi? Alijaribu kuizuia pumzi ya kelele, asiweze. Koromeo, asiweze. Kichwa peke yake ndicho alichoweza kukizuia kidogo kisirudi nyuma, na mara alipokizuia, yale mengine mawili yalipungua yenyewe. Sauti ikawa haikauki upesi kama kwanza, na waganga walipomchungulia kooni wakaona hali imekuwa njema kuliko zamani.

Mtu mwingine angeishia hapo akashukuru. Yeye akafikiri kwamba, ikiwa kutorudisha kichwa nyuma kumemfaa, basi akikipeleka mbele kitamfaa zaidi. Akafanya hivyo, na sauti haikuendelea kupona kama alivyotazamia. Akashangaa. Akaongeza vioo viwili, kimoja kila upande wa kile cha kwanza, ili aweze kujiona ubavuni. Katika vioo hivyo alijiona, wakati ule ule alipokuwa na hakika kwamba anakipeleka kichwa mbele, akikirudisha nyuma.

Ndugu wasomaji, fikirini jambo hilo. Kila mtu huamini kwamba anajua mkono wake uko wapi na shingo yake imekaaje, bila kutazama. Mtu huyu aliyekuwa akijifunza kwa bidii, aliyeushughulikia mwili wake kila siku, hisia zake zilimdanganya waziwazi. Kile alichokizoea kilionekana sawa kwa sababu amekizoea tu. Tena alipozidi kutazama aliona kwamba kosa halikuwa la shingo peke yake. Kifua kilipanda, mgongo ukajipinda ukawa mfupi, na miguu ikakakamaa. Akakumbuka kwamba mwalimu wake mmoja wa kughani alikuwa akimwagiza aishike sakafu kwa miguu yake, naye asijue maana yake, akawa anakunja vidole vya miguu kama ndege aliyeshika tawi. Amri ya mwalimu ikawa mazoea, na mazoea yakapanda toka vidoleni mpaka kooni.

Dawa aliyoipata baada ya hapo ni ngeni, nami ilinichukua siku kadhaa kuielewa. Aliona kwamba akisha kuamua tu kusema sentensi, kabla ya kutoa sauti, shingo imekwisha kaza. Kwa hiyo alijizoeza kuamua kusema, kisha asiseme. Alikaa akiiagiza shingo kwa mawazo tu iwe huru, kichwa kiende mbele na juu, mgongo urefuke na upanuke, bila kuyatenda hayo kwa nguvu. Kisha, wakati wa kusema ulipofika, aliamua upya: pengine aseme, pengine asiseme, pengine ainue mkono badala yake, huku maagizo yakiendelea. Kwa njia hiyo mazoea ya zamani hayakujua yavamie wapi. Alifanya hivyo siku kwa siku, muda mrefu sana. Kazi hiyo yote tangu kioo cha kwanza ilichukua miaka. Sauti ikarudi, na hata ile taabu ya kifua ya utotoni ikamwondoka.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Mwaka 1894 na 1895 alisafiri akighani Tasmania na New Zealand, na watu walioisikia sauti yake wakaanza kumwomba awafundishe. Akafundisha Melbourne, ndugu yake Albert Redden akimsaidia, kisha toka mwaka 1900 akafundisha Sydney, ambako aliwatia wanafunzi wake jukwaani katika michezo ya Shakespeare. Daktari mmoja wa huko, W. J. Stewart McKay, alimhimiza aende London. Nauli? Alexander alipenda mbio za farasi maisha yake yote, na mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba safari hiyo ilitokana na dau alilolishinda. Alifika London mwaka 1904, na baada ya muda mfupi waigizaji wakubwa walikuwa wakimwendea: Henry Irving katika miezi yake ya mwisho, Lily Brayton na mumewe Oscar Asche, na wengine.

Wasidhani wasomaji kwamba aliwafundisha kwa kuwaambia wasimame wima. Alikwisha ona kwamba maneno hayatoshi, kwa kuwa anayeambiwa apeleke kichwa mbele atafanya kile anachokihisi kuwa mbele. Kwa hiyo alitumia mikono. Mwanafunzi aliketi kitini au alisimama, naye akaweka mkono polepole shingoni na mgongoni, akamwongoza kuketi na kuinuka, ili mwanafunzi apate kuhisi kitu ambacho hajapata kukihisi. Waigizaji waliokuja kutafuta sauti walijikuta wakifundishwa kukaa kitini. Nasikia wengine walikasirika.

Sasa nina neno ambalo ningaliweza kuliacha, lakini singekuwa mwaminifu. Mwaka 1910 alitoa kitabu chake cha kwanza, Man's Supreme Inheritance. Humo aliandika kwa dharau juu ya watu aliowahesabu kuwa washenzi, na juu ya watu weusi, kana kwamba sisi tumebaki nyuma katika safari ambayo wenzetu wameimaliza. Wazungu wengi wa wakati wake waliandika hivyo hivyo, lakini hilo halikupunguza hasira yangu. Nilikifunga kitabu kile siku mbili. Nilijiuliza kama ni haki nijifunze kusimama kwa mtu ambaye angenitazama na kuniona mshenzi. Kisha nilifikiri kwamba mtu aliyegundua jinsi hisia zetu wenyewe zinavyotudanganya alipaswa kuvitazama vioo vyake hata kwa jambo hilo, na hakuvitazama. Vioo, hata hivyo, vilisema kweli juu ya shingo, na shingo yangu ni kama yake. Nikakifungua tena.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alikwenda Marekani, akafundisha New York. Huko alimpata mwanafunzi mashuhuri, John Dewey, mwanafalsafa wa elimu, ambaye aliandika dibaji za vitabu vyake. Baadaye katika Uingereza walimwendea George Bernard Shaw na Aldous Huxley. Mwaka 1931 alifungua London darasa la kuwafundisha walimu. Nilicheka peke yangu niliposoma kwamba mwaka 1933 aliwachukua wanafunzi wa darasa hilo, ambao wengi hawakuwa waigizaji, akaonyesha nao mchezo ule ule wa mfanyabiashara wa Venisi, na yeye mwenyewe, mzee wa miaka 64, akawa Shailoki. Hakuna kitabu kinachosema kwamba sauti ilimpwea.

Hakukosa adui. Ni kweli kwamba alidai makubwa mno kwa njia yake, kana kwamba yatibu karibu kila kitu, na vitabu vyake ni vigumu. Sentensi moja yaweza kukutembeza nusu ukurasa kabla ya kukuruhusu kupumua, jambo la ajabu kwa mwalimu wa pumzi. Mwaka 1944 jarida moja la serikali ya Afrika Kusini lilimwita mdanganyifu. Akashitaki. Mwishoni mwa 1947, kabla kesi haijasikilizwa, alipatwa na kiharusi, naye ana miaka 78, hata hakuweza kusafiri. Kesi ilisikilizwa Johannesburg mwaka 1948, akashinda, akapewa fidia ya pauni 1,000, na rufani ya mwaka 1949 haikubadili hukumu. Yeye alipata nafuu akarudi kufundisha, akaendelea mpaka karibu na kifo chake, London, tarehe 10 Oktoba 1955. Mwaka 1973 Nikolaas Tinbergen, alipopokea tuzo ya Nobel, alitumia sehemu kubwa ya hotuba yake kumsifu. Mpaka leo njia yake hufundishwa katika vyuo vya waigizaji na vya wanamuziki, London na New York.

Mimi sina mwalimu wa kuniwekea mkono shingoni. Nina kioo cha bweni letu, chenye ufa, ambacho huwa nakitumia wenzangu wakiwa uwanjani. Siku ya kwanza nilisema maneno ya Shailoki mbele yake, na kabla ya neno la kwanza nilikiona kidevu changu kikipanda na mishipa ya shingo ikisimama kama kamba za hema. Sisemi nimepona. Nasema kwamba katika mazoezi ya mchezo mpya nimesema saa nzima, na koo halikuwa na mchanga. Mara nyingine nasahau, na mchanga unarudi, lakini sasa najua unatoka wapi.

Likizo iliyopita nilimpelekea baba chakula chake cha mchana shuleni. Nilisimama nje ya dirisha nikimngoja amalize somo la hesabu. Watoto walikuwa wakipiga kelele, naye akataka kuwanyamazisha. Nikakiona kichwa chake kikienda nyuma, kidevu juu, na pumzi ikaingia kwa mlio, ndipo sauti ikatoka. Ulikuwa mkao wangu mwenyewe. Nadhani nilijifunza kwake tangu utotoni kwa kumtazama, kama nilivyojifunza kutembea. Nilimpa chakula, nikakaa kimya. Sijapata bado njia ya heshima ya kumwambia.

Kitabu nimekwisha kirudisha maktabani, kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, kwa yeyote atakayekitaka. Na kama yuko mmoja wa wazee wetu waliosoma hapa mwenye vioo viwili virefu asivyovitumia, chama cha michezo kingevipokea kwa shukrani nyingi; cha tatu tunacho, ingawa kina ufa.